Nafasi Yako Katika Wimbo

Chola mwanangu,

Umelala. Mfuko wako uko karibu na mlango, pale ulipouweka wewe mwenyewe tangu mchana, kama mtu anayeogopa kubembelezwa. Sitaandika juu ya sweta wala dawa ya malaria, wala namna ya kukaa ndani ya boti mawimbi yakija. Kambo yako, bibi yako mzaa baba, amevusha watoto katika ziwa hili tangu kabla sijaolewa na mwanawe, na hayo yote anayajua kuliko mimi. Nitaandika lile ambalo yeye hawezi kukuambia, maana yuko ng'ambo na amelisikia kwa midomo ya watu tu.

Ninaandika kwa Kiswahili cha vitabu vya baba yangu, katekista. Kile chetu cha kila siku kinanipa njia nyingi za kutorokea. Nikianza nacho ninatia mzaha, unacheka kidogo, na tunaachana bila neno kusemwa. Ndivyo tulivyoishi miezi hii.

Majirani uliwaambia kwamba unakwenda Kilwa, ng'ambo ya ziwa, kwa ajili ya shule. Ulinisitiri, mwanangu, na mimi nikakuacha unisitiri. Nilisimama pale kando ya vitanda vya kuanikia samaki nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, shule. Mtoto mwenye umri wako hapaswi kubeba uongo wa mama yake mbele ya watu. Basi kesho, boti ikiondoka, ushuke nao mzigo huo. Wewe hukimbilii shule. Unaondoka kwa sababu ya wimbo.

Mwanzo wake unaujua, lakini nitauandika, ili ukiisoma barua hii ukiwa mtu mzima usilazimike kukumbuka kwa niaba yangu.

Nilikuwa msichana wa lise, sekondari ya masista, Lubumbashi, wa kwanza darasani katika Kifaransa na mwenye kiburi kwa hilo, nilipochukua mimba. Masista walinirudisha nyumbani. Baba yako alinipeleka kwa mama yake, na huko Kilwa nikazaa mapacha, Kyungu na Kabange. Walikaa nasi msimu mmoja wa mvua. Surua ikawachukua wote wawili katika juma moja. Mapacha hawaliliwi, hilo hata sisi tunaokwenda misa tunalishika. Kilio kilikuwa kimejaa kinywani mwangu, na Kambo yako akaweka kiganja chake chenye unga mweupe juu ya midomo yangu, akasema, "Usilie. Imba."

Akanifundisha wimbo. Si mrefu. Una maswali matatu na majibu matatu.

*Kyungu, uko wapi? Niko mbele, nafungula mulango.*
*Kabange, uko wapi? Niko kati, nabeba moto.*

Swali la tatu tuliliuliza bila jina, kisha tukanyamaza kidogo, tukaosha mikono ziwani, tukarudi nyumbani. Nafasi ile ilikuwa inakungoja wewe. Ulipozaliwa tulikuwa tumekwisha kuhamia upande huu wa ziwa, Kashikishi, na wanawake wa Kibemba wakakuita Chola, jina la mtoto anayefuata mapacha, na mimi wakaniita Nampundu, mama wa mapacha. Baba yako alikwenda Likasi kutafuta kazi, akapata kazi na nyumba nyingine. Hilo si la barua hii. Tulibaki wewe na mimi, na kila mwaka mvua ya kwanza ilipogusa mchanga tulishuka ufukoni na unga viganjani. Mimi niliuliza, wewe ukajibu kwa ajili ya kaka zako, na ukafika kwenye swali lako ukajibu kwa sauti iliyojaa, kama mtu anayejua kazi yake:

*Chola, uko wapi? Niko nyuma, nafunga mulango.*

Ulikuwa bado huwezi kutamka mulango. Ulisema munango. Nilicheka nikiwa na machozi, na hayo hayakuhesabiwa kuwa kilio.

Sasa nije kwa mwaka uliopita. Nchi yetu ng'ambo ilikuwa imebadilisha jina baada ya vita, wafanyabiashara wakaanza tena kuvuka kwa wingi, na baa za bandarini zikajaa magitaa. Papa Kasongo, mpiga gitaa, alinisikia katika kwaya ya kanisa. Alikuja hapa nyumbani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema okestra yake ina wanaume wanne na haina hata mtu mmoja wa kuimba vizuri. Uliniangalia. Nadhani ulifurahi kuliko mimi.

Sitakuambia kwamba niliuchukia mwaka ule, maana nitakuwa ninaongeza uongo juu ya uongo. Jumamosi alasiri, boti zikiisha kupakua, nilipanda juu ya yale masanduku yaliyounganishwa kuwa jukwaa, na mikono yangu iliyonuka chisense, dagaa wa ziwa letu, tangu asubuhi ikawa mikono ya mtu mwingine. Waliniita Masere, kama wanavyowaita watawa, kwa sababu nilisimama wima na nilivaa sketi ndefu. "Leo Masere anatupatia komunyo," walisema wakiinua chupa zao. Mara ya kwanza niliona haya. Mara ya tatu nilianza kulingoja jina hilo.

Papa Kasongo alikuwa mwalimu mzuri, na usimchukie. Aliniambia, "Unaimba sawa mutu anasoma masomo mu misa. Acha gitaa ipite mbele, wewe ukuje nyuma." Ilinichukua majira yote ya baridi kujifunza kunyamaza mahali panapofaa. Nilijifunza kupumua kutoka tumboni. Nilijifunza kwamba nilikuwa nimeishi tangu lise na shingo iliyokaza, nikingojea kufukuzwa. Juu ya masanduku yale shingo ililegea. Hayo nilipewa na muziki, na ni mema, na kama siku moja utataka kuimba mbele ya watu sitaki sura yangu ikuzuie njiani.

Lakini nilijifunza pia kutupa majina. Unajua desturi yenyewe: wimbo ukichangamka, mwimbaji anamtaja mwenye mali aliyekaa pale mbele, anamsifu, naye anainuka na kutunza. Mwanzoni niliona ni kitu kidogo, cha kuchekesha. Patron Mwepu, mnunuzi wa samaki, hupenda kusikia jina lake, nani hapendi? Niligundua kwamba jina lake likitoka kinywani mwangu watu wote wanageuka, wanamtazama yeye, halafu wananitazama mimi. Nilikuwa ninamtupia jina ili anirudishie macho ya watu.

Ziwa likafungwa, kama kila mwaka, ili samaki wazae. Nyavu zikatundikwa, Kashikishi ikanyamaza. Patron Mwepu akasema atagharimia kaseti, ili siku ziwa litakapofunguliwa baa zote na maduka yote yapige okestra yetu. Papa Kasongo akataka wimbo mpya, ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Tulikaa nyuma ya baa kila mmoja akijaribu kitu, na vyote vilikuwa vya kuigaiga tu. Ndipo mimi nikaanza: *uko wapi*.

Hakuna aliyeniomba, Chola. Soma hapo mara mbili.

Papa Kasongo aliinamisha kichwa, akafuata kwa gitaa, na nywele za mikono yangu zikasimama, maana sikuwahi kuusikia wimbo ule na kitu kingine zaidi ya maji. Akaacha kupiga. Akauliza, "Ni wimbo ya nani hii?"

Nikamjibu, "Ya zamani. Haina mwenyewe."

Alikaza waya mmoja wa gitaa. Yeye ni mtu wa Bukama, na kwao nyimbo za mapacha zinajulikana; nadhani alihisi. Lakini mimi ndiye niliyesoma, na watu hudhani aliyesoma anajua anachokisema.

Mahali pa Kyungu nikamweka Patron Mwepu. Mahali pa Kabange nikamweka mwenye boti mbili, yule wa Kabuta. Mahali pako nilikuacha. Nilijiambia kwamba maadamu jina lako limo, wimbo bado ni wetu, kama mtu aliyeuza nyumba akabaki na ufunguo mfukoni. Kisha siku ya kurekodi Patron Mwepu akaja na mke wake mdogo, Mama Solange, akanong'ona na Papa Kasongo, na Papa Kasongo akanong'ona nami. Kulikuwa na nafasi moja iliyobaki. Sikubishana. Hata sikuuliza kama ningeweza kuongeza swali la nne. Mama Solange, uko wapi? Niko nyuma, nafunga mulango. Niliimba mara moja tu, na wote wakasema haina haja ya kurudia.

Sasa nitakuambia kile nilichomwambia kila mtu, pamoja na wewe na Padre katika kitubio: kwamba ziwa lilikuwa limefungwa na nyumbani hapakuwa na chakula. Ba Mwansa, jirani yetu tunayeanika naye samaki, alikuwa tayari kunisamehe kwa hilo. Watu wa ziwa wanajua njaa ya miezi ile. Lakini gunia letu la chisense lilikuwa chini ya kitanda, wewe ulilala juu yake, ulilisikia likikwaruza kila ulipojigeuza. Unga tulikuwa nao. Sikuwa na njaa. Nilitaka kusikia sauti yangu ikitoka katika spika za watu. Mtu mwenye njaa akikosea, aibu yake ina kikomo. Yangu haina, ndiyo maana nilijivika njaa nisiyokuwa nayo. Ukisikia mtu akinitetea kwa habari ya njaa, usibishane naye, lakini wewe ujue.

Ziwa likafunguliwa. Unakumbuka siku ile kuliko mimi. Bandari yote ilikuwa inanuka petroli na samaki wabichi, na katika kila kibanda kaseti ile ile. Nilikuwa nimekushika mkono sokoni, nikingojea uisikie, na Mungu anisamehe, nilikuwa ninangojea ufurahi. Ulisimama. Ulisikiliza swali la kwanza. Ulisikiliza la pili, mkono wako ukawa baridi mkononi mwangu. La tatu lilipokwisha uliinua uso, na hukuniuliza kwa hasira. Uliuliza kama mtoto aliyepotea sokoni anavyomuuliza mtu mzima asiyemjua.

"Mama, na miye niko wapi?"

Nilisema tutaongea nyumbani. Nyumbani nilisema habari ya njaa.

Baada ya hapo hukuimba tena, hata kanisani. Ulisimama katikati ya kwaya ukifungua na kufunga midomo. Mwalimu wa kwaya alidhani koo linakuuma, akakuletea tangawizi. Na wanawake wakubwa wa hapa wakaacha kuniita Nampundu. Hawakunitukana. Walianza tu kuniita Mama Chola, kama mtu yeyote. Siku moja nilimwuliza Ba Mwansa kama nimemkosea. Alikuwa anageuza samaki kwa ufagio, hakusimama. "Miye Mubemba," alisema. "Kiswahili yangu ni ya samaki tu. Lakini ile wimbo haiko ya samaki."

Nilikwenda kwa Papa Kasongo, nikamwambia ukweli, nikamwomba azirudishe kaseti. Hakunicheka, ingawa alitaka. Aliniambia kaseti ni kama chisense iliyomwagika, kila kuku ameshapita na yake. Lakini akanipa njia. Akasema, Jumamosi panda, uiimbe yenyewe, na majina yake ya kweli, mbele ya watu wote. Mimi nitapiga pole pole. Nilirudi nikakuambia nitaurekebisha wimbo. Ulikuwa unasuuza vyombo. Ulisema, "Sawa, Mama," na bado ninaweza kusikia jinsi ulivyolisema, kwa uangalifu, kama unavyoweka yai.

Sasa nimefika mahali ambapo Kiswahili cha baba yangu hakinisaidii, lakini nitapita.

Jumamosi ile nilipanda. Papa Kasongo akapiga pole pole kama alivyoahidi. Nikauliza, "Kyungu, uko wapi?" Na baa nzima ikajibu kwa sauti moja, "Mwepu!" Walikuwa wamekwisha kuizoea, walidhani ninawatania. Patron Mwepu, aliyekuwa pale mbele na shati lake jeupe, akainuka nusu, akainua chupa. Papa Kasongo akanyamazisha gitaa kabisa. Alinitazama. Alinipa nafasi yote mtu anayoweza kumpa mwenzake, Chola, ilikuwa pana kama ziwa. Ningeweza kusema, hawa ni wanangu waliokufa. Maneno manne.

Nilicheka. Nikauliza tena, "Patron Mwepu, uko wapi?" Na baa ikalipuka kwa furaha. Sijawahi kushangiliwa vile, wala sitashangiliwa tena. Nikaendelea hadi swali la tatu.

Nikarudi nyumbani, ukanitazama, nikasema, "Nimerekebisha."

Ukauliza, "Byote?"

Nikasema, "Byote."

Ukanichemshia maji ya kuogea. Ukanipakulia maharage uliyokuwa umeyaficha nisijue, yaliyokuwa yako. Ukakaa karibu nami nikila, bega lako likagusa langu kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sokoni. Nami nilikula. Hilo ndilo linaloniamsha. Baa siioti. Ninaota yale maharage.

Kesho yake ulirudi kutoka bombani na ndoo nusu. Watoto walikuwa wamekuimbia wimbo ule, na Mwepu bado yumo. Wao husikia yote kutoka kwa baba zao. Niliwasikia mpaka mlangoni. Hukunishtaki hata kwa macho. Ulikwenda tu kwa Tate Kunda, mwenye boti anayevuka kwenda Kilwa, ukamtuma kwa Kambo yako aulize kama atakupokea, na mimi nilijua pale jibu liliporudi. Tate Kunda alisimama hapo mlangoni akizungusha kofia yake. Ni mtu wa mzaha, anamtania hata Padre, lakini siku ile hakutania. Akasema Kambo amesema hivi, na si maneno yake yeye: "Mutoto akuje. Mama yake, bado."

Bado. Nimelifikiria neno hilo kwa majuma mengi. Kuna siku nililisikia kama mlango uliofungwa. Kuna siku nililisikia kama anavyolisema mtu anayeangalia sufuria. Sijui, na sina haki ya kuchagua maana iliyo nzuri kwangu. Nimeacha baa. Sikuacha kwa wema; niliacha kwa sababu nikifungua kinywa, sauti inayotoka inamtafuta mtu wa kunitazama. Nitarudi kuimba siku nitakapoweza kuimba na kichwa kimeinama juu ya samaki, bila kujali kama Ba Mwansa anasikia.

Mvua ya mwisho ya mwaka huu nilishuka peke yangu ufukoni, wewe ukiwa shuleni. Nilitaka kuwauliza kaka zako. Nilichukua unga. Nikaanza, na kabla ya Kyungu, jina lililokuja kinywani lilikuwa lile jingine, la Mwepu. Halikuwa mdomoni tu, lilikuwa kooni, tayari. Nilifunga mdomo. Unga ukalowa mkononi ukawa uji. Basi ujue hali ilivyo: wimbo ule ndani yangu umeharibika. Kwako haujaharibika. Wewe uliulinda kwa kunyamaza miezi yote hii, na mimi nilidhani unaninunia.

Kwa hiyo sikuombi unisamehe. Nikiomba, najua utanipa, utanipa kama ulivyonipa maharage, na utabaki na njaa. Ninachotaka ni uende na wimbo huu mzima. Huko Kambo yako atauliza, wewe utajibu. Usiimbe kwa sauti ndogo kwa kunionea huruma. Kama atakuuliza nilifanya nini, mwambie yote, hata la Jumamosi. Mpe barua hii asomewe. Na siku utakapopata kitu chako kizuri ambacho watu watataka kukusikia nacho, Chola, utasikia raha, nayo si dhambi. Uliza tu kwanza ni cha nani. Uliza kwa sauti, mbele ya mtu anayeweza kukujibu.

Kesho nitakushika mkono mpaka majini, kama utaniruhusu. Sitaimba. Tate Kunda atakubeba mabegani mpaka ndani ya boti na atakutania kwamba umenenepa. Mimi nitabaki mchangani na wanawake wa chisense, nikitazama, na sitakuita kwa jina maana najua ungegeuka.

Katika wimbo ule mama hana nafasi. Yeye ni sauti inayouliza tu. Sasa hata kuuliza kumepita kwa mwingine, na ni haki. Nitakuwa upande huu. Jina nililopewa na wanawake wa hapa sithubutu kuliandika chini ya barua hii, ninaandika lile la ubatizo.

Mvua ikirudi, mtashuka ufukoni, nanyi mtafika kwenye swali la tatu. Jibu kwa sauti iliyojaa. Funga mlango, mwanangu, ndiyo kazi yako. Lakini usitie komeo.

Mama yako,
Adela